Baba Alisoma Asilimia Vibaya, Nami Nikanyamaza

Mpendwa mshauri,

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: nimemwacha baba ajivunie jambo lisilo kweli, na mbaya zaidi, lilinifurahisha. Niko kidato cha mwisho, nina aibu, napenda vitabu kuliko mazungumzo, na nataka kusomea ukutubi na utunzaji wa kumbukumbu katika chuo kikuu cha umma, lakini baba, ambaye ni fundi cherehani, siku zote alitaka sheria. Kijitabu cha chuo kilipofika nilimpa nikisubiri ugomvi, naye akapitisha kidole kwenye safu ya "kiwango cha kupokelewa", akaona sheria asilimia tisa, ukutubi asilimia sabini na moja, akavua miwani akasema, "Kumbe! Sheria wanachukua hata mwenye tisa? Hiyo ni ya walioshindwa!" Alidhani ni alama za mtihani, kumbe ni wanaopokelewa katika kila waombaji mia, nami nikafungua mdomo, nikaufunga.

Tangu hapo kila anayekuja kupimwa suruali anaambiwa, "Huyu mwanangu anakwenda kwenye ile ya sabini na moja, si mchezo," na juzi mwalimu mmoja mstaafu alicheka akanikonyeza, nadhani anajua. Fomu zinafungwa baada ya wiki mbili na lazima baba atie saini. Nikimwambia, atanirudisha kwenye sheria. Nisipomwambia, ataumbuka mbele ya wateja wake. Nifanyeje?

Msoma Vitabu

Msoma Vitabu,

Nimecheka, kisha nikakunja uso. Uongo hukuusema, ila umeuvutia kiti ukakaa nao. Fundi mzima umemwacha atembee mtaani na shati lililogeuzwa!

Sasa sikiliza. Tisa haisemi sheria ni bora. Inasema waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Sabini na moja haisemi ukutubi ni makapi. Mzazi anachotaka kujua ni utakula nini ukishahitimu. Tazama ukurasa wa mishahara ya wahitimu katika kijitabu hicho hicho, lakini usiumeze mzima mzima: hao ni waliojibu dodoso, na asiye na kazi hana hamu ya kujibu. Piga simu chuoni, uliza wamehitimu wangapi na wangapi wameajiriwa. Aibu yako iweke mfukoni kwa dakika tano. Kisha mwambie baba, mkiwa wawili tu, kabla hajashika kalamu.

Baada ya wiki moja Msoma Vitabu alituandikia tena:

Nilipiga simu. Karani wa chuo alisema darasa la ukutubi la mwaka juzi lilikuwa na watu arobaini na wawili. Thelathini na wanne wana kazi, wengi hospitalini na mahakamani, na mshahara wao wa kuanzia uko chini kidogo tu ya ule wa sheria. Wateja walipokwisha, nikamweleza baba yote.

"Kwa hiyo nimejitangazia ujinga mtaa mzima?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Alinuna, akasukuma kikombe chake cha chai kando. Kisha akaomba karatasi niliyoandika majibu ya karani, akaisoma mara mbili.

"Huko mahakamani, majalada yote mnatunza nyinyi?"

"Ndiyo."

"Basi hao wanasheria watakuja kukubembeleza wewe."

Akatia saini. Kesho yake nilipeleka fomu, chaguo la kwanza ukutubi.