Matofali ya Vitus

Ifakara

Kaka Vitus,

Shikamoo nitakupa ukija mwenyewe. Huku mpunga umechanua na ndege hawatupi nafasi.

Picha ya nyumba uliyonunua huko Finland nilimwonyesha baba. Aliitazama weee, akauliza, "Wenyewe wamehamia wapi?" Kwake nyumba hujengwa. Kisha akatoka kwenda kuyafunika kwa nyasi matofali yako, yale aliyokufyatulia miaka mitatu, maana mvua ilikuwa inakuja.

Alipofariki nilikupigia, ukasema unahamisha vyombo. Sawa.

Sasa unatuambia tuyauze matofali. Tumemjengea baba kaburi kwa hayo hayo. Mengi yalimomonyoka kwa mvua baba alipokuwa hayupo wa kuyafunika; yaliyobaki yanatosha kaburi moja tu. Hayo ni yako, hatuyagusi.

Mdogo wako,
Agnella