Kompyuta Zilisahau Jina la Printa

Baba Wangechi,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Maziwa usiache kwa meza, paka ameshajua kufunua.

Duka la saiba nimefunga mapema. ~~Usiwahi kugusa ile kompyuta kubwa tena.~~ Ukitaka kuigusa, niulize kwanza. Kale kaprogramu ulizima jana ukisema hakana kazi, ndiko huambia kompyuta zingine printa iko wapi. Hakaonekani, lakini leo asubuhi hakuna hata moja iliyoijua printa.

Na aliyetaka kuprinti ni mama wa kambi ya Showground, Wanjeri. Hajamwona bwanake tangu wakimbie vita kule Molo, alitaka kubandika picha za huyo bwana mjini amtafute. Picha ilibaki tu kwa skrini, naye akalia kimya. Nilikutukana kwa roho, sitakuficha.

Nikihangaika kukawasha, akaingia dereva mmoja wa lori. Akaangalia skrini. "Mathe, huyu si Ndirangu? Yuko kwa shangazi yangu Kabazi, mguu bado unapona. Yeye husema watu wake wote waliisha."

Wanjeri alimshika mkono, akamvuta hadi mlangoni.

Ungekaacha hako kaprogramu, angeprinti na kuondoka kabla dereva hajaingia. Lakini usianze kujisifu!

Dereva anatupeleka Kabazi sasa hivi. Siwezi kumwacha Wanjeri aende peke yake. Wangechi avae sweta. Picha ziliprintika mwishowe, lakini Wanjeri amekataa kuzibeba. Amesema anaenda kumwona mwenyewe.

Mama Wangechi