Nani Atajua Ajvar Imeiva?

Blagica mwanangu, na wewe mkwe wangu Goran,

Hoho nyekundu za rojo letu la ajvar nimeshazichoma, nimezifunika kwenye sufuria. Zimenyeni kwa mikono. Maji yasizisogelee, yatabeba ladha yote!

Asubuhi mwenyekiti wa jengo kashuka na kandambili: “Mzee Trajče, moto uani marufuku!” Nikamjibu, “Lifti imekufa tangu kiangazi, hiyo mbona hukuipiga marufuku?” Wakubwa ndivyo walivyo, kazi yao kukataza. Nikampa hoho ya moto kwa mkate na jibini. Kala tatu. Sasa yuko uani analinda jiko langu. Msimcheke.

Nimekwenda sokoni kuongeza biringanya.

~~Mama mdogo Stojna asiitwe, kelele zake siziwezi.~~

Mwiteni. Hii ni ajvar ya kwanza tangu mama yenu atutoke, na ikiungua tutakula mkate mkavu, bila cha kupaka, mpaka baridi iishe. Kuchoma najua. Kukoroga marehemu hakuniachia hata siku moja, kwa hiyo ikiiva sitajua. Mdogo wake anajua. Msiseme nimemwita mimi. Mwambieni tu mwiko wa dada yake nimeshautoa kabatini, na hakuna aliyeugusa.

Baba