Shujaa Aliyevuliwa Gunia

Oti, ndugu yangu,

Tangu ulale, msanii mkali kuliko wote kutoka Buruburu hadi Pipeline ni mimi. Usicheke huko chini. Hata ungekuwa hai, ningekupa kazi ya kunioshea brashi.

Najua, kwenye vitabu vyetu vya katuni wewe ulichora na mimi nikatia maneno. Ulisema mikono ninayochora inafanana na mkungu wa ndizi. Lakini kifua chako kilikuondoa, ukaniachia Gunia peke yangu, na shujaa hawezi kukaa matanga milele.

Bado wanamsoma. Nakala zetu pale kwa kinyozi zimechakaa hadi zinanuka spiriti. Wanapenda pale Gunia anapowapiga kanjo, hao askari wa kaunti, mchana na kuwarudishia akina mama nyanya zao, halafu jioni anakula ugali meza moja na kaka yake, ambaye ni kanjo. Kaka jicho limevimba. "Pitisha mboga," anasema. Gunia anapitisha. Hatambuliwi, maana mchana huwa na gunia usoni. Watu walipokuuliza yuko upande gani, ulijibu, "Gunia hana serikali. Ana mama."

Sasa sikia. Alikuja afisa mmoja wa kaunti, tumbo mbele, viatu vimechongoka kama mdomo wa kunguru. Ati nimchore Gunia kwenye ukuta wa soko, amevaa koti la kanjo, awaambie mama mboga watoke barabarani. "Na hilo gunia litoke, kijana. Serikali haifanyi kazi na watu waliofunika uso." Ebu muone! Watu wanaopanda gari lenye vioo vyeusi kwenda dukani!

Nilikubali. Usinitolee macho. Aliniahidi jina langu litaandikwa juu. Siku ya kuzindua, jina la juu lilikuwa la mheshimiwa, ambaye hajawahi kuchora hata duara. Langu lilikuwa chini, nyuma ya pipa la taka. Mheshimiwa akahutubia, ati Gunia ni mfano wa kijana mtiifu. Mtiifu! Gunia! Nilitamani nyanya iliyooza, nikakumbuka tumewafukuza waliokuwa wakiziuza.

Kuna kitu nimekiruka. Nilipofika usoni, mkono ulikwama. Hatukuwahi kumpa Gunia uso. Na mimi bingwa, uso ninaojua kuchora ni mmoja tu, ule niliokuwa nikiuchora kwenye dawati ili nikuudhi. Kwa hivyo ni wewe, Oti. Mikono ni ndizi, miguu tusiiongelee, lakini uso, wallahi, ni wewe, hadi lile kovu kwenye nyusi.

Mathe wako aliuona. Akahamisha beseni lake la sukuma wiki, akaketi chini ya ukuta, chini ya kidole chako kinachosema ONDOKENI.

"Mathe, hapo ni pabaya," nikamwambia.

"Niende wapi, na mwanangu yuko hapa?"

Kila asubuhi anakupangusa vumbi kwa leso.

Juzi kanjo walikuja. Unamjua mathe wako, siku zote alikuwa wa kwanza kukimbia, beseni kichwani na hakuna jani linaloanguka. Safari hii wenzake walikimbia, yeye akaketi. Walimtupa garini pamoja na sukuma yake. Ametoka seli jana. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama rangi ya uso wako itavumilia mvua.

Kesho naenda na kopo la rangi. Koti nalifuta, na kidole, na jina la mheshimiwa, hilo kwa raha zangu. Uso siugusi. Na kanjo wakirudi, watanikuta nimeketi na mathe, uso wazi.

Lala, msanii. Brashi naosha mwenyewe.

Koti linafutika. Hata aibu yangu na mheshimiwa itafutika. Lakini mama yako alikuwa anajua kukimbia, Oti. Mimi ndiye niliyemwekea kitu ambacho hawezi kukiacha nyuma.