Sauti Yako Iingie Kwanza

Mpendwa Baba,

Nyumba ya Bwera imekwisha. Naanza na hilo kwa sababu ungeniuliza kabla hata ya kupokea salamu. Ina mabati, ina milango, na lile dirisha kubwa la sebuleni ulilolichora kwa chaki kwenye sakafu yetu ya Kasese, Mama akakulazimisha upige deki mwenyewe, lipo mahali pake na linatazama milima. Uliiacha kwenye linta, kuta zimefika juu ya madirisha tu. Mimi na kaka Baluku tuliipandisha taratibu, kila mmoja kwa uwezo wake, na Jumamosi iliyopita tukaingia. Nusura tusiingie. Nakuandikia kukusimulia kwa nini, maana chanzo chake ni wewe, na tangu siku hiyo kila nikikumbuka nacheka peke yangu hadi majirani zangu hapa Nyamwamba, Kasese, wananitazama mara mbili.

Sharti lilikuwa la Mama. Unamjua. Mafundi walipomaliza kupaka rangi alisema hakuna mtu atakayelala mle kabla mwenye nyumba hajaingia. Tulitazamana, mimi na kaka yangu. Mwenye nyumba, akatukumbusha, ni wewe, na kwa kuwa huwezi tena kuja kwa miguu yako, basi sauti yako iingie kwanza. Alitaka wimbo uliomwimbia siku ulipopeleka mbuzi wa mahari kwao, yeye akiwa amefichwa chumbani na shangazi zake, ukamwita mbele ya ukoo mzima, kanda ikirekodi. Tangu ututoke hajawahi kukubali kuusikia. Alikuwa akisema atausikia akiwa mlangoni pa nyumba yake, si kabla. Mimi sikuwa na la kubisha. Kazi yangu ilikuwa kuuleta tu.

Na wimbo nilikuwa nao, usihofu. Zile kanda zako zote zilizokuwa kwenye katoni juu ya kabati nilizihamisha. Nilichukua kompyuta kuukuu, nikaisafisha, nikaipa diski kubwa, nikaifanya ghala la muziki la nyumba. Wenye kujua wanaiita seva. Mama anaiita kasanduku. Inakaa kimya chini ya televisheni, unaiomba wimbo kwa simu, nayo inaupeleka kwenye spika bila waya. Redio yako ya kaseti niliiunganisha nayo, nikapiga kanda moja moja mwanzo hadi mwisho, sauti nimeifunga kwa kuwa sikuwa tayari kukusikia, huku nikifua na kupika. Kila kanda niliipa jina lile lile uliloliandika kwenye karatasi yake, kwa zile herufi zako kubwa za kuandikia mitambo kiwandani. Sikuongeza neno, sikupunguza. Nani angethubutu kusahihisha mwandiko wako? Ile ya Mama ilipomaliza kunakiliwa, redio ikaitafuna palepale, utepe ukatoka vipande. Nikashusha pumzi nikijua nimeiwahi.

Unakumbuka redio ile ilivyokuwa na hasira? Ulikuwa ukirudi kutoka kiwandani Hima, vumbi la saruji bado kwenye nyusi, na kabla ya kuvua viatu umeshaiweka mezani umeifungua tumbo. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kuzungusha kanda kwa biki. Kila mara mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutangaza kwamba imekufa, nawe kila mara ulinijibu maneno yale yale, kwa Kiswahili chako cha Bungoma kisichokubali kunyooshwa: "Anza na waya. Waya ikiwa sawa, angalia umeme. Umeme ikiwa sawa, jiulize wewe uliiambia nini. Mashine haina roho mbaya. Inafanya tu ile kitu iliambiwa." Nilidhani unaizungumzia redio. Sikujua unanisomesha.

Basi Jumamosi asubuhi Baluku akaendesha, mimi nikalipakata sanduku kutoka Kasese mpaka Bwera kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Tulikuta uwanja umejaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wameinamia sufuria za sombe, yale majani ya muhogo, unga wa bundu unasubiri maji ya ugali yachemke, mbuzi ameshachunwa. Mjomba Bwambale, mdogo wake Mama, alikuwa ameshuka kutoka Mahango na anaipanga endara juu ya migomba iliyokatwa, marimba ile ile ya mapande ya mti aliyokupigia siku ya mbuzi. Mchungaji alikuwa ameahidi kufika mchana kuibariki nyumba. Nikaweka sanduku sebuleni, nikachomeka, taa ikawaka, nikajiona fundi.

Nikaandika Masika, jina la Mama, kwenye simu. Ukatokea wimbo mmoja tu, MASIKA – BWERA, kama ulivyoandika. Nikaufungua kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Kilichotoka hakikuwa wewe. Nilikuwa mimi, mdogo sana, naimba wimbo wa shule ya Jumapili huku nina kwikwi, na katikati ya ubeti nasimama kuomba ndizi. Ni ile kanda uliyonirekodi kwa babu mzaa Mama, huko Bwera, wakati wa likizo. Nyuma yangu unasikika ukicheka, na kicheko hicho kilinikata maini, lakini wimbo wa Mama haukuwemo.

Nilianza na waya, naapa. Waya sawa. Nikaangalia umeme, ule wa mto wa Bugoye uliokuwa ukijivunia kana kwamba wewe ndiye uliyeuchimbia bwawa. Umeme sawa. Nikaizima nikaiwasha. Nikahamisha kisanduku cha intaneti dirishani. Nikaifuta programu kwenye simu, nikaiweka upya. Kila mara ulirudi wimbo ule ule, kwikwi ile ile, ndizi ile ile. Baluku akaja akachungulia juu ya bega langu, akasema taratibu kwamba pengine mashimo ya barabarani yameitikisa diski, na wimbo umekufa njiani.

Kanda ilishatafunwa. Kama diski nayo imeumeza wimbo, basi hakuna mahali popote tena duniani ambapo sauti yako inamwita Mama, na mimi ndiye niliyemwambia iko salama.

Mama akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, ameshika mwiko. Akaniuliza, "Kasanduku iko namna gani?" Nikamjibu kwamba bado linaamka. "Iamuke basi," akasema, akiwafikiria wageni. "Batu beko njiani." Mjomba Bwambale, ambaye masikio yake hayazeeki, alikuwa ameshaelewa kwamba mambo si shwari. Akajitolea kwa moyo mweupe: kama mashine imegoma, yeye anaukumbuka wimbo wote, atauimba mwenyewe. Mama akamgeukia polepole. "Bwambale, ni wewe ulinioa?" Mjomba akarudi kwenye endara yake.

Kilichoniokoa ni chumvi. Sombe ilikuwa haijakolea, Mama akasimama katikati ya uwanja akaita, "Masika! Leta chumvi." Wakaitika wanne, Baba. Mmoja alikuwa kwenye nyama, mmoja anatoka kisimani, mmoja ni jirani ng'ambo ya ua ambaye hata hakuwa kwenye shughuli yetu, na wa nne ni mimi, dirishani, simu mkononi. Mama hakushangaa. Alimnyooshea kidole aliyemtaka, sisi wengine tukarudi kwenye kazi zetu, na maongezi yakaendelea. Mimi nilifika katikati ya sebule nikasimama.

Maana ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu siku zote. Kwenu Bungoma ningeitwa Nekesa, nilizaliwa mavuno. Lakini babu alikuketisha akakueleza kwamba huku Bukonzo binti wa kwanza hatafutiwi jina, jina linamsubiri, naye ni Masika. Mama naye ni binti wa kwanza. Wewe mgeni ukakubali kwa furaha, ukajikuta na Masika wawili chini ya paa moja. Ukiita, tunatokea wote, yeye kutoka jikoni, mimi kutoka uani, na wewe unatutazama mpaka unasahau ulichotaka. "Niliita mmoja, nimepata wawili," ulikuwa ukisema. "Basi kaeni." Nasi tunakaa, chai inachemka mpaka inamwagika, na hakuna anayeinuka.

Sasa ifikirie mashine. Haijawahi kuishi Bwera. Imeletewa wimbo unaoitwa Masika, uliorekodiwa Bwera, na kwenye nafasi ya mwenye wimbo nimeandika Baba. Halafu imeletewa mwingine: Masika, Bwera, Baba. Ikaamua kwa akili yake safi kwamba nimeileta kanda moja mara mbili, ikauweka mmoja nyuma ya mwingine, ikanionyesha wa mbele. Haikuvunjika wala haikutikisika. Ilifanya tu ile kitu iliambiwa. Nikafungua diski yenyewe, folda kwa folda, na nikakukuta. Ulikuwa umetulia kwenye folda yako, mrefu kuliko mimi na kwikwi zangu, hakuna kilichopungua. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, Baluku akadhani nimepata habari mbaya.

Nikarekebisha majina. Wa kwanza nikauandika Masika, mama. Wa pili, Masika, mtoto. Nikaiamuru seva isome ghala lote upya. Ule mstari wa kusubiri ulitambaa kwenye simu huku nikiutazama kwa hasira, mpaka nyimbo mbili zikatokea, moja chini ya nyingine. Nilikuwa nimeinua kidole kuujaribu wako, Mama akarudi pale mlangoni akanisoma uso.

"Amefika?"

"Amefika, Mama."

"Basi usimusumbue. Ataongea batu wakikuja."

Kwa hiyo sikuujaribu. Nilikaa na hofu yangu hadi mchungaji alipowasili, maana ningejuaje kama mashine haijayabandika majina mapya juu ya kwikwi zile zile? Watu wakakusanyika mbele ya mlango. Ndani hapakuwa na mtu, ila spika peke yake juu ya kigoda. Mchungaji akaomba, akaomba tena, unamjua mchungaji wa Bwera akipata watu wasio na pa kwenda. Mama alikuwa kwenye kizingiti, amevaa kitenge ulichomnunulia soko la Mpondwe, viatu mkononi. Mchungaji aliposema amina nikabonyeza.

Kwanza ule mchemko wa kanda. Halafu ukakohoa, kile kikohozi chako cha langoni kilichotufanya tuzime redio na kushika madaftari. Halafu endara, Mjomba akiwa kijana na mikono ya haraka. Ikanyamaza. Nawe ukaita.

"Masika."

Baba, uwanja mzima uliitika. Yule wa nyama, yule wa kisimani, yule jirani ambaye safari hii alikuwa amealikwa, na wengine ambao sikujua kama wapo. Hata mimi, mdomo ulitangulia akili. Watu walicheka mpaka mchungaji akashika mwimo wa mlango. Kwenye kanda bado kulikuwa kimya, kimya kirefu, na niliogopa wimbo umekatikia hapo, kwa sababu nilikuwa nimesahau kimya hicho ni cha nini. Mama hakusahau. Siku ile ya mbuzi shangazi zake walimkataza kuitika. Binti haitiki mara moja akiitwa na mume, ataonekana ana haraka. Ulimwita ukasubiri bure, watu wote wakisikia, ndipo ukaanza kuimba bila jibu. Na kusubiri kwako kumehifadhiwa humo miaka yote.

Mama hakucheka. Alivuka kizingiti, wa kwanza kati yetu sote tangu ile amina, akasimama mbele ya spika.

"Niko, Baba Masika," akasema. "Ingia. Nyumba ni yako."

Nawe ukaanza kuimba.

Mjomba alikimbilia endara, akijifuatisha yeye mwenyewe wa kwenye kanda, akachelewa kidogo kila pigo, na hakuna aliyejali. Tuliingia wote tukiimba. Tulikula mpaka sombe ikaisha, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona Mama akicheza. Nilidhani kwamba siku nitakapokusikia tena ukiimba nitavunjika. Kumbe nilifurahi tu, furaha nzima isiyo na kona. Sanduku nimeliacha Bwera, chini ya dirisha lako. Mama amejifunza kuliamuru kwa simu. Kila asubuhi anakuita umwite, anakuitikia, kisha anaendelea kufagia, na Kasese mimi nimebaki na nyumba isiyo na muziki na sina kinyongo hata kidogo.

Pumzika vizuri, Baba, na usijali kuhusu waya. Nitakuwa naenda kuziangalia. Uliita mmoja, ukapata uwanja mzima. Basi kaa.

Binti yako,
Masika, mtoto