Siku Baba Alipokuwa Mgeni wa Kisarawe

Kisarawe,
Jumamosi, baada ya alasiri.

Kwa kaka yangu mpendwa Amiri,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umerudi salama kutoka Tunduma, mgongo umetulia, na wifi Hamisa amekuwekea kitu cha moto mezani. Sisi huku tunashukuru. Mvua zimeanza, na asubuhi ukungu unashuka mpaka barabarani, magari yanapanda mlima taa zikiwa zimewashwa saa moja. Biubwa hajambo? Ule mguu alioumia shuleni umepona? Mwambie shangazi yake amemwekea korosho, na asipokuja kuzichukua mwenyewe zitaliwa na wenye meno.

Wifi ameniahidi kwamba kesho, kwa kuwa kiwandani Zegereni hawafanyi kazi, atapita kutuona. Nitampa barua hii, na nitamwomba asikukabidhi mpaka umeoga, umelala, umeamka na umekula. Usimgombeze. Najua utashangaa mtu mwenye simu kukuandikia barua, tena mtu wa Kisarawe kumwandikia mtu wa Kibaha. Lakini simu zangu kila siku hukukuta Mikumi au Igawa, na maneno haya si ya kumwambia mtu aliyeshika usukani.

Nianze na Baba. Habari ya macho yake unaijua nusu. Tulikuambia hayaoni vizuri na kwamba ameacha kushona. Hatukukuambia kwamba nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini, na daktari akasema ni glakoma, ile ambayo watu wanaiita presha ya macho. Akanieleza kwamba ugonjwa huu hauumi wala hauwashi. Unaanza kula pembeni, unakwenda taratibu kuelekea katikati, na mwenye jicho hajui, kwa sababu anachokitazama mbele yake bado anakiona. Jicho la kushoto la Baba lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lilikuwa limebakiwa na tundu tu, kama la kuchungulia mlangoni. Nikauliza kama kuna upasuaji. Daktari akasema kilichopotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa kisu, na kwamba kwa Baba tumechelewa.

Njia nzima Baba aliketi mikono juu ya mapaja. Tulipofika nyumbani na kuketi barazani ndipo aliponiuliza, "Shamsia, hawa watu wanaotoka Ulaya na mabegi yao mgongoni kuja kuangalia Kisarawe yetu, wanaangalia nini?"

Nilitaka kucheka. Nilipomtazama nikaona anauliza kweli. Akanieleza kwamba alitoka Chole kijana asiye na ndevu, akaja kujifunza cherehani, na tangu hapo amekaa kwenye kibaraza kimoja kule sokoni. Ameshona kanzu za mashehe na suti za maharusi. Wageni walikuwa wanamsimamisha kumuuliza njia ya mapangoni, naye anawaelekeza kwa mkasi, kata kulia, shuka, halafu anarudi kwenye kazi yake. Mapango yenyewe hajawahi kuyaona. Msituni hajaingia tangu enzi za kutafuta kuni. Kanisa la Walutheri, ambalo kengele yake ndiyo iliyokuwa saa yake ya kupumzika, hajawahi kuvuka kizingiti chake. Akasema kila mwaka alijiambia atakwenda, na kila mwaka Idi ilimkuta na viporo vya watu. Alidhani vitu vipo tu, na macho yapo tu. Sasa alitaka avione kabla tundu halijaziba.

Basi tukapanga. Rama, yule jirani wa bajaji, akasema siku hiyo habebi abiria mwingine. Baba akavaa kanzu yake ya hariri, kofia iliyodariziwa kwa mkono, na viatu vya kufunika, maana nilimwambia msituni hakuendeki kwa ndala. Alinukia udi. Ungemwona, ungedhani anakwenda kuposa.

Tulianza kanisani, baada ya ibada, watu walipokwisha kutawanyika. Mwalimu Bernard alikuwa anatungoja mlangoni. Unamkumbuka, yule Mchaga mstaafu ambaye Baba alikuwa anaishonea kwaya yake majoho. Alimshika Baba mkono akamwingiza ndani polepole. Baba alisimama katikati akaanza kuzungusha kichwa, kidogo kidogo, ili kila kitu kipite kwenye tundu lake: boriti za paa, kisha madirisha, kisha mabenchi. Halafu akaomba kuketi. Mwalimu akamsimulia habari za wamisionari wa Kijerumani, walivyopanda mlima huu na walivyozikwa hapa baadhi yao, mbali na mama zao. Baba akauliza walikufa kwa nini. Mwalimu akajibu kwamba wengi ni homa. Baba akawaombea, kwa Kiarabu, viganja wazi, ndani ya kanisa, na Mwalimu Bernard akavua miwani akawa anaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Kutoka hapo tukazunguka ofisi za zamani za wilaya zenye kuta zile nene, tukanunua mihogo ya kuchoma sokoni, kisha Rama akatushusha kwenye lango la msitu. Dada wa pale getini alimtambua Baba mara moja. Akasema, "Mzee wangu, si wewe fundi Abdulkadiri uliyemshonea baba yangu kanzu?" Akataka kuandika kwenye daftari kwamba ni mwenyeji. Baba akamzuia. "Leo niandike mgeni," alisema, na yule dada, baada ya kunitazama mimi, akaandika mgeni.

Kaka, ule msitu nenda ukauone. Wapeleke wifi na Biubwa, muende asubuhi kabla ya jua kali, mkae kimya muwasikie ndege. Sisi tulikwenda mwendo wa Baba, hatua na kituo, yeye akishika bega langu. Kila mti mkubwa aliusimamia, akaanza na shina, akapanda na kichwa mpaka anakaribia kuanguka nyuma. Aliona kima mmoja. Mwingine nilimwonyesha mara tatu hakumpata, akasema tuendelee, mmoja anatosha.

Mapangoni kuna udongo mweupe kama unga, ule uliokuwa unachimbwa, na popo wengi wasio na idadi. Rama alitangulia na tochi ya simu. Tulipoingia ndani kabisa, ambapo mwanga wa mlangoni haufiki, Baba akamwambia Rama aizime. Rama akasita. Baba akarudia, "Izime, mwanangu."

Giza lile sijawahi kulikuta. Nilinyanyua mkono mbele ya uso wangu nisiuone. Popo walikuwa wanapapatika juu yetu, na harufu yao ilikuwa kali mpaka kooni. Baba akasema, "Sasa tuko sawa wote watatu." Kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyeonja mchuzi, kwamba si kubaya sana, alidhani kutakuwa kubaya zaidi. Mimi nilikuwa nalia kaka, nimeziba mdomo kwa mtandio ili nisisikike. Mkono wake ulinitafuta, ukapita kwenye bega, shingo, ukafika shavuni ukanifuta. Hakuniuliza nalia nini. Alidhani namlilia yeye.

Mwisho tulipanda pale juu ambapo Dar es Salaam yote inaonekana, maghorofa yamesimama huko mbali na nyuma yake bahari kama uzi. Baba alikaa kwenye jiwe akaitazama Dar kipande baada ya kipande, anakwenda anarudi. Akaniuliza majengo, nikamtajia niliyoyajua na mengine nikayabuni. Akanisimulia kwamba marehemu Mama alipokuwa mwali alimwahidi atamleta hapa mlimani amwonyeshe taa za mjini, na hakumleta, ndiyo kwanza anaikumbuka ahadi ile. Akasema neno moja kwa Mama, ambalo sitaliandika kwa kuwa halikuwa letu. Kisha akasema, "Basi. Nimeshiba. Nirudisheni."

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi moja aliniita chumbani akaniuliza mbona leo adhana ya alfajiri imechelewa hivi. Kaka, jua lilikuwa limekwisha kupanda, dirisha limefunguliwa, mwanga umemjaa usoni. Niliketi kitandani kwake nikamshika mkono. Kwa kule kushikwa akajua. Akasema alhamdulillahi, akaomba maji ya kutawadha.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika, ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi.

Siku ile kwa daktari, alipokwisha na Baba, aliniuliza kama Baba ana watoto wengine. Nikamwambia tuko wawili, mimi na kaka yangu. Akasema ugonjwa huu hupita kwenye damu, na watoto wa mgonjwa hawana budi kupimwa hata kama wanajiona wazima. Akanikalisha palepale kwenye mashine, jicho moja limefunikwa, akanipa kitufe nikibonye kila ninapoona kinuru kidogo kinawaka. Nikabonya, nikabonya. Halafu vinuru vikaacha kuja. Nikangoja, nikadhani mashine imesimama, nikamwuliza muuguzi kama umeme umekatika. Akaniambia kwa upole nisigeuze kichwa, mashine inaendelea, vinuru vinawaka sasa hivi.

Ninayo, kaka. Jicho la kushoto limeliwa upande, la kulia ndiyo kwanza linaanza. Siku ile msituni Baba alipokuwa anaaga miti, na mimi nilikuwa naiaga. Kule pangoni sikumlilia yeye peke yake. Baba hajui. Ameshapoteza macho yake, sitaki nimpe na yangu ayabebe. Natia matone kila siku nikiwa nimefunga mlango, na daktari anasema kwa kuwa macho yamewahiwa, matone yanaweza kunifikisha uzeeni nikisoma. Darasani wanafunzi hawajagundua, ila nimejifunza kugeuka mzima mzima ninapotazama upande wa kushoto.

Nawe kaka. Idi iliyopita ulipoingiza gari kwetu ulikwaruza nguzo ya lango, ukashuka ukacheka, ukasema nguzo imesogea. Sote tulicheka. Na ukiwa mezani ulipitisha mkono ukaangusha jagi lililokuwa wazi mbele ya kila mtu. Huenda ni uchovu tu, Mungu ajaalie iwe uchovu. Lakini tangu siku ile ya kitufe sijalala vizuri. Kila nikisikia lori limepata ajali Kitonga au Sekenke, nakaa na simu mkononi mpaka uipokee.

Najua hofu yako, maana nakujua. Utasema wakikukuta nayo watakunyang'anya leseni, na wewe hujui kazi nyingine, na nyumba ya Kibaha haijapigwa bati upande wa nyuma. Utasema unaona barabara yote mpaka mwisho. Baba naye alikuwa anaona tundu la sindano, kaka, alitunga uzi mwenyewe mpaka mwezi ule alioacha kazi. Kuona mbele si kuona. Anayevuka kutoka ubavuni ndiye usiyemwona, na huyo ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo naomba, kama mdogo wako ambaye hajawahi kukuomba kitu kikubwa, usishike usukani tena kabla hujapimwa. Nimekuwekea miadi Jumatano, kwa daktari yuleyule. Nitaomba ruhusa shuleni, tukutane kituoni asubuhi, nitakaa nawe mpaka watakapokuita. Ukikuta huna, tutakula biriani na nitakuacha unicheke mwaka mzima. Ukikuta unayo, utakuwa unayo pamoja nami. Wifi sijamwambia, nimekuachia wewe. Lori litapata dereva mwingine, kaka. Biubwa hana baba mwingine.

Baba anakusalimu sana. Yuko barazani, ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamjibu nakueleza matembezi yetu. Amesema nikufikishie dua zake za safari na nikwambie hali yake ni njema. Mwalimu Bernard na Rama nao wanasalimu. Mpe wifi pole ya kazi, mbusu Biubwa, na Mwenyezi Mungu akufikishe Jumatano ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Shamsia binti Abdulkadiri