Baba, Nilipanda Basi Hedaru

Baba,

Shikamoo. Hii ni mara ya tatu nakaa kukuandikia. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kumwangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote. Mara ya pili nikajikuta nafagia ua ambao Mama alikuwa ameshaufagia. Tangu tukulaze kule kihambani, kati ya migomba na mibuni yako, siwezi kutulia mahali pamoja. Miguu inataka kwenda, haisemi wapi. Lakini leo nitakaa, maana nimefanya jambo, na sehemu yake moja sijamwambia mtu.

Nilikwenda Tanga na baiskeli yako.

Mimi, ndiyo. Yule yule niliyekuwa naikunjia uso hiyo baiskeli. Walipokupunguza kazini, baada ya miaka yote ya ubwana shamba, kupanda na kushuka mlima ukikagua kahawa za watu, sisi tulidhani utapumzika. Wewe ukaenda Rau ukaomba ghala la kahawa lililobaki tupu, ukakusanya vijana waliofiwa na wazazi, ukawatafutia mtu wa kuwafundisha kushona na mwingine wa useremala. Vifaa vilipopungua ukasema utaendesha baiskeli hadi Tanga, na kila mji utasimama uwaeleze watu habari za hao vijana. Mzee wa miaka sitini, ndani ya bukta.

Siku unaondoka ulipita mbele ya duka la vitambaa ninapouza, ukapiga kengele. Wateja walicheka. Nikainama nikajifanya napanga majora. Nadhani uliniona.

Ulirudi juu ya lori, umebabuka pua kwa jua, na vyerehani viwili nyuma. Kabla hata hujaoga ulikuwa unaongea juu ya safari ya pili. Ndipo nikakuambia, "Baba, unatuaibisha." Ulishika kikombe chako cha chai, ukakirudisha mezani bila kunywa. Tuliendelea kusalimiana kila siku, tukala pamoja, lakini neno lile sikuliondoa. Nilikuwa nasema nitaliondoa Jumapili, baada ya ibada. Jumapili zikapita. Halafu asubuhi moja ukaenda kukata majani ya ng'ombe, na Mama ndiye aliyekukuta.

Daktari alisema ni moyo. Mama alisema ni baiskeli. Akaifunika magunia stoo, na hakuna aliyeruhusiwa kuitaja.

Wenzako wa safari walikuja kutupa pole, Mwinjilisti Elifuraha na Fundi Kibwana. Walikaa kwenye benchi wakiwa wamevua kofia. Walisema safari haitakuwepo tena, kwa kuwa wewe ndiye uliyewaandikia watu wa kule, na wewe ndiye uliyejua kuzungumza nao. Anitha alikuwa amekuja nao, yule msichana uliyekuwa ukisema mishono yake imenyooka kuliko reli. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Dada Ndeshi, kwa hiyo sisi tuanze kutafuta kazi za ndani?"

Nikasema nitakwenda mimi.

Baba, sikuwa nimefikiri hata kidogo. Tangu shule sijaendesha zaidi ya kutoka Rau kwenda sokoni. Fundi Kibwana alinitazama miguu, akatikisa kichwa, kisha akauliza kiti akishushe kiasi gani. Tulifanya mazoezi ya Jumamosi tatu, kushuka Chekereni kwenye mashamba ya mpunga na kurudi, na kurudi ndiko kulikoniua. Mama nilimwambia nakwenda Tanga kufuata vitambaa vya duka. Baiskeli niliitoa stoo akiwa kanisani.

Siku ya kwanza tulilala Same. Siku ya pili Hedaru, kwenye darasa la kanisa, juu ya mikeka. Hukutuambia habari ya upepo ule. Au ulituambia, na mimi sikuwa nasikiliza. Unakuja usoni moja kwa moja, mtu anakanyaga pedali kama anakanyaga matope, na ule mlima wa pembeni hausogei. Kila tuliposimama watu walimuulizia mzee. Ilibidi niwaambie mimi. Pale Same, mama mmoja muuza vitunguu alikaa chini kabisa, akashika kichwa. Mtu asiyekujua zaidi ya nusu saa, Baba. Nami niliyekujua maisha yangu yote nilikuwa nimesimama pale nikipangusa vumbi kwenye usukani.

Asubuhi ya siku ya tatu nilishindwa. Mapaja yalikuwa yanatetemeka, viganja vimechubuka. Niliwaambia watangulie, nafunga mizigo. Walipopotea kwenye kona nikasimamisha basi la kwenda Moshi. Utingo akaipandisha baiskeli juu, mimi nikakaa dirishani. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, kwa dakika chache nilifurahi sana.

Kisha nikaanza kuhesabu nitawaambia nini. Mama, wateja, Anitha. Kila mmoja nilimtungia uongo wake, na kila uongo ulikubali. Ila wewe. Kwako sikuwa na cha kutunga, na hukuwepo hata wa kudanganywa. Nikasimama katikati ya basi nikamwambia utingo nashuka. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Alishusha baiskeli huku analalamika kwamba nawachelewesha abiria, na basi likaondoka, nikabaki peke yangu porini, nyuma zaidi ya nilikoanzia.

Nililia kidogo. Halafu nikapanda.

Sikumbuki vizuri siku ile. Nilipata pancha moja, nikaiziba vibaya, nikawa nashuka kila mara kupiga pampu. Nilikusemesha kwa sauti njiani, na lile neno nililiondoa huko, kati ya Hedaru na Mombo, nikiwa natweta. Kama hukulisikia, naliandika hapa: haikuwa aibu yako, Baba. Ilikuwa yangu.

Jua lilikuwa linazama nilipofika Mombo. Mwinjilisti alikuwa amesimama barabarani kwa muda mrefu, akinitafuta. Alishika usukani, nikatembea pembeni yake.

Tanga tulifika. Yule fundi cherehani uliyemwandikia barua amekubali kuchukua vijana wanne, wakae kwake na kujifunza hadi waive. Anitha ni mmoja wao. Nilipomwambia baada ya kurudi, nilidhani atafurahi, lakini aliogopa, akaniuliza kama bahari inasikika usiku. Vyerehani safari hii tumepata kimoja tu, na randa mbili za mafundi seremala. Ni kidogo kuliko ulicholeta wewe. Ghala halijafungwa.

Nilirudi nyumbani na lori. Mama alinitazama nikishuka nikichechemea, nimebabuka, bila jora hata moja la kitambaa. Alikwenda jikoni akaniletea mtori wa ndizi, kisha akaleta beseni la maji ya moto, akaninawisha miguu mwenyewe. Halafu akauliza, "Kule Hedaru, upepo ni mkali kweli kama alivyokuwa anasema?"

Nikamwambia ni mkali, Mama. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuninawisha.

Kwa hiyo alikuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba nimechukua baiskeli. Na alikuwa anakusikiliza, Baba, muda wote ule tuliodhani amekasirika.

Giza linaingia na ng'ombe analia kweli sasa, sina budi kuinuka. Lala salama. Siwezi kukuahidi kwamba nitatulia, maana jana nilijikuta natazama ramani ya Dodoma. Ninachokuahidi ni hiki: nitakwenda, na kabla sijatoa baiskeli nitamwita Mama, nitamwambia ninakokwenda nikiwa namtazama usoni.

Binti yako,
Ndeshi